Lengo la Nne

Karatasi yenyewe ni moja tu, imekunjwa mara nne, na pembeni ina doa la mawese ambalo miaka yote hii halijatoka. Furaha alinikabidhi Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake Maplewood, tulipotoka kumzika mama yake. Sebule ilijaa watu wa kanisani kwao, Wakongo watupu, wengine wamekaa mpaka kwenye ngazi na sahani mapajani, na jikoni kinamama walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini ni nani aliyeutia wali chumvi mara mbili. Akaniita chumbani, kule makoti ya wageni yaliporundikwa kitandani, akafungua kitabu cha nyimbo cha mama yake, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Alikuwa anaiweka humu. Najua ni yako." Niliitambua kabla sijaikunjua. Ni mwandiko wangu wa wakati ule, ule wa kulalia kulia kwa maringo, na juu kabisa nimeandika: Tamko la tatizo, rasimu ya saba. Chini yake yanafuata malengo ya utafiti, moja mpaka nne, na lile la nne limepigwa mstari. Nilikaa juu ya makoti ya watu nikalia bila adabu yoyote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijiona mtu mzima sana. Chuo cha uuguzi cha nyumbani kilikuwa kimenileta Minneapolis nichukue shahada ya uzamili, na nafasi yangu ya kufundisha ilikuwa inaningoja kwa sharti moja: pendekezo langu la utafiti lipitishwe kabla ya mwisho wa Mei. Lisipopitishwa, narudi mikono mitupu na kiti anakikalia mwingine. Hilo nililibeba kifuani tangu naamka mpaka nalala. Chumba nilikuwa nimepata kitongoji cha New Hope, ghorofa ya pili, kwa mama mmoja wa Kivu aliyekuwa akifanya usafi na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee si mbali na pale. Alikuwa na binti mmoja, Furaha, wa miaka kumi na moja, ambaye alielewa kila neno la Kiswahili na hakujibu hata moja, yeye ni Kiingereza tu. Siku ya kwanza nilipiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo Mama." Mama Furaha akanitazama, akamtazama mwanawe, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Kwao hakuna shikamoo. Nilimfundisha kuitikia "marahaba" na akaipenda kupita kiasi, akawa ananidai. "Weye! Leo hujanipa ile shikamoo yangu."

Jikoni ndiko tulikoishi. Kulikuwa na meza iliyotoka kanisani, mguu mmoja mfupi, umewekewa kipande cha boksi la tambi, na dirisha lililotazama maegesho ambako theluji iliyosukumwa na magari ilirundikwa kilima kizima, mwezi hadi mwezi, mpaka ikawa nyeusi. Mama alirudi kutoka kazini saa tisa mchana, viatu vya kazi kwenye mfuko, na kabla hajavua koti alikuwa ameshatia maji ya bugali, yaani ugali, jikoni. Alipika sombe, na mpaka leo sijala sombe nyingine kama ile: majani ya mihogo ya kugandishwa kutoka duka la Waafrika, mawese, karanga, na kipande cha makayabu, yaani samaki wa chumvi, ambaye alimloweka tangu asubuhi. Harufu ile iliingia kwenye makoti, kwenye mashuka, kwenye karatasi zangu. Nilikuwa naenda maktaba ya chuo kikuu huku nanukia samaki, na mwanzoni niliona aibu. Sasa hivi ningetoa chochote nilicho nacho niingie mahali popote nikinukia vile.

Tuligombana kwa upendo, na ugomvi wetu ulikuwa lugha. Mimi, tangu hapo, ni mtu wa kusahihisha wenzangu, ni ugonjwa, nimeshakubali. "Mama, siyo mutu. Ni mtu." Alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka. "Nikimuita mutu, hatageuka?" Furaha akacheka kwenye daftari lake. "Weye unasemaka sawa radio," Mama akaendelea. "Ukisema na batu wanangojea upige muziki." Aliniita Mwalimu, kwa dhihaka, na baadaye jina likabaki hata dhihaka ilipoisha.

Kazi yangu pale mezani ilikuwa kuandika tamko la tatizo. Asiyewahi kuandika kitu hicho atadhani ni jambo dogo, maana ni aya mbili tatu tu za kueleza kuna shida gani duniani inayokufanya ufanye utafiti, kisha malengo yafuate. Mada yangu ilikuwa afya ya wahamiaji wanaozungumza Kiswahili, pana kama uwanja wa mpira. Nilianza na ramani ya Afrika Mashariki. Nikaeleza uhuru, nikaeleza vita, nikaeleza kuenea kwa Kiswahili, nikamshukuru kila aliyenitangulia, na mgonjwa nikamfikia ukurasa wa tano nimeshachoka hata mimi mwenyewe. Profesa wangu, mama mpole wa Saint Paul aliyevaa viatu vya theluji hadi ofisini, alinirudishia rasimu ya kwanza na swali moja kwa wino wa kijani: Tatizo liko wapi? Nikaenda nikaongeza kurasa mbili. Rasimu ya pili, swali lilelile. Ya tatu, akafupisha: Wapi? Ilipofika ya sita hakuandika swali. Aliniita, akanimiminia chai, akasema taratibu kwamba tumeingia Februari, kwamba anaona ninafanya bidii, lakini ninachoandika ni utangulizi wa utangulizi. "Niambie tu ni nini kinachouma," alisema. Nilirudi New Hope nimekunja uso, nikamweleza Mama Furaha yote. Yeye akaacha kuchambua maharage.

"Anataka uingie mu nyumba ya mutu, useme shida palepale mu mulango?"

"Ndiyo, Mama. Aya ya kwanza."

"Bila kusalimia?"

"Bila kusalimia."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. "Masikini. Hawakumulea."

Nilicheka, lakini ningekuwa na masikio ningesikia. Maana kila siku nilikuwa namsikia Mama kwenye simu na wenzake wa kanisani. Habari ya asubuhi? Muzuri. Na batoto? Muzuri. Na kazi? Na baridi? Na yule wa Iowa? Muzuri, muzuri, Mungu ni mwema. Dakika ishirini. Wanaagana, wanabarikiana, wanaagana tena, na ndipo mmoja anasema, "Ah, lakini…" na hapo ndipo unajua kwamba kuna mtu yuko mahututi, au barua ya uhamiaji imekuja na jibu baya. Sisi wote ndivyo tulivyo, si Wakongo peke yao. Kwetu hata penye msiba mtu akiulizwa habari anajibu nzuri kwanza. Nzuri ni mlango tu, na mwenye adabu anabaki pale mlangoni mpaka asikie lakini. Nilijua hilo kama ninavyojua kutembea, na kwa sababu hiyo hasa sikuwahi kulifikiria.

Wiki ile ile Mama aliniambia, kwa njia yake, "Alhamisi unisindikize Crystal, ku kliniki. Nisindikize tu." Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na mkalimani hakufika kule Crystal, kitongoji cha jirani, basi wakaniuliza kama naweza kutafsiri. Nikajibu naweza, tena kwa fahari. Muuguzi alikuwa kijana wa kiume mwenye uso mwema, namkumbuka vizuri, hakufanya lolote la ukorofi. Alitabasamu akamuuliza Mama anajisikiaje leo. "Muzuri tu," Mama akasema. Nami nikatafsiri: anasema yuko vizuri. Akamwonyesha ile picha ya nyuso, ya kwanza inacheka na ya mwisho inalia, achague maumivu yake. Mama akagusa inayocheka. Kijana akaandika. Akauliza kuhusu dawa, akapima presha, akaandika, akasimama. Nilimwona Mama akivuta pumzi na kusema "Lakini," kwa sauti ndogo sana, na mkono wake ukaenda ubavuni, kulia, chini ya mbavu. Kijana alikuwa ameshashika kitasa. Na mimi? Mimi, muuguzi mwenye miaka sita kazini, nilikuwa nachungulia saa ya ukutani nikiwaza rasimu ya saba. Neno lile sikulitafsiri. Nilijiambia limechelewa, maswali yamekwisha.

Kwenye gari alikaa ameinama kidogo. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema ni siku nyingi, tangu Krismasi, maumivu yanakuja na kwenda, hasa akila mafuta. Nikapandwa na hasira, zile hasira za mtu mwenye hatia. "Mama! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mbona hukusema mle ndani?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Sikuficha. Nilikuwa ningali namusalimia."

"Na ile picha? Umegusa anayecheka!"

"Alikuwa anacheka na miye, yule mutoto. Nimuoneshe mwenye kulia?"

Nilisema nitapiga simu kliniki apewe miadi nyingine. Nilikusudia kweli. Siku zikapita, mimi na rasimu yangu. Jumamosi moja ya Machi, mchana, nikiwa pale mezani, Mama aligeuka kutoka kwenye jiko na mwiko mkononi, akasema "Mwalimu," akaketi sakafuni polepole kana kwamba ameamua kupumzika. Uso ulikuwa wa majivu. Furaha akapiga kelele, akapiga simu ya dharura yeye, mtoto wa miaka kumi na moja, kwa Kiingereza kilichonyooka: mama yangu, tumbo, upande wa kulia, haraka. Alitaja tatizo kwa maneno machache, na gari lilifika. Ilikuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kifuko chenyewe kilikuwa kimeanza kuoza. Daktari aliyempasua alinikuta chumba cha kungojea akaniuliza, bila ubaya, imekuwaje amekaa na hali hii bila kusema. Faili lake la Februari linasema hana malalamiko. Nilitaka ardhi ipasuke. Malalamiko alikuwa nayo, na mtu wa kuyapitisha alikuwa mimi.

Niliomba karatasi kwa mhudumu wa mapokezi. Furaha alikuwa amelala begani kwangu, nami nikaandika juu ya goti, kwa Kiingereza, bila ramani na bila uhuru. Mgonjwa anayezungumza Kiswahili akiulizwa hali yake hujibu kwanza kwamba ni nzuri, kwa adabu, kisha hungoja nafasi ya kusema kinachomuuma. Muuguzi huandika jibu la kwanza na kufunga faili. Kinachouma hubaki mlangoni. Nilipompelekea profesa alisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akasema, "Hili hapa." Hakuuliza nimelipata wapi, na mimi nilifurahi, na kisha niliionea aibu furaha yangu. Nilipata shahada kwenye ubavu wa mtu. Nimejaribu kulisema kwa maneno mazuri zaidi mara nyingi, na kila mara linarudi kuwa vile.

Mama alirudi nyumbani Aprili, mwembamba, amekatazwa mafuta, na akawa anapika sombe ya sisi wawili huku yeye akinywa uji. Siku moja mchana akaegemea kiti, akasema, "Ile karatasi yako. Nisomee." Nilikuwa naogopa ombi hilo. Nikaitafsiri kwa Kiswahili, nikaiandika kwa mkono, ndiyo hii iliyo mbele yangu sasa, na nikamsomea kwa sauti ile ya radio. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

"Ni miye huyu?"

"Ni wewe, Mama. Nisamehe."

"Umesema vizuri. Sasa haya malengo, njo nini?"

Nikamweleza: ni mambo ambayo utafiti umeahidi kuyafanya. Kuchunguza wagonjwa wetu hujibuje swali la kwanza. Kubaini wauguzi huandika nini. Kupendekeza namna bora ya kuuliza. Akatikisa kichwa. "Kuuliza, kuuliza. Yule mutoto aliuliza muzuri. Hakungojea. Andika ya nne: angojee." Nikamwambia lengo lazima liwe na kitenzi kinachopimika. "Andika!" Nikaandika: Lengo la nne, kubaini muuguzi angoje kwa muda gani. Alichukua karatasi kuitazama, na vidole vyake vilikuwa vimetoka kwenye sufuria yetu, ndilo doa lile.

Profesa alilipenda lengo la nne, na alilifuta. Hakuna njia ya kulipima, alisema, na wakati hautoshi, Mei imefika. Pendekezo lilipita na malengo matatu. Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama, tukarukaruka jikoni, yeye ameshika kovu lake, na Furaha akapuliza puto lililobaki kutoka sikukuu yake ya kuzaliwa. Halafu mimi, kwa ule ugonjwa wangu wa usahihi, nikachukua kalamu nikapiga mstari kwenye lengo la nne hata kwenye karatasi ya Mama, ili ifanane na iliyopitishwa. Alinitazama nikifanya hivyo. Kisha aliikunja karatasi akaichukua, na sikuiona tena mpaka Jumamosi.

Nilirudi nyumbani, nikafundisha miaka niliyoahidi, kisha kazi ikanirudisha huku. Nina mvi sasa. Nimewafundisha wauguzi wa miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, jambo moja tu kwa njia mia: mgonjwa wangu akikwambia nzuri, weka kalamu chini, hesabu pumzi tano, usishike kitasa. Wananicheka kidogo, wanafanya, na inasaidia. Mganga hajigangi, wahenga walijua. Wiki tatu zilizopita Mama alinipigia simu mchana, mimi niko maegeshoni, mfuko begani, kikao kinaanza. "Shikamoo Mama." "Marahaba, mwana yangu." "Habari za huko?" "Muzuri tu." Nikasema, "Haya, ashukuriwe Mungu, Mama, nitakupigia Jumapili." Nikakata. Ijumaa ya wiki ileile moyo wake ukasimama akiwa anakunja nguo.

Kwa hiyo Jumamosi, pale juu ya makoti, nilikuwa nimeshika karatasi na kamasi zinanitoka, na Furaha amesimama mlangoni. Ni mwanamke mzima, ana watoto wake, nao wanamjibu kwa Kiingereza kama alivyokuwa akijibu yeye. Akaniuliza, kwa Kiswahili, mara ya kwanza maishani mwake naamini, "Habari, Tantine?" Ndivyo wao wanavyomwita mama mdogo.

"Nzuri," nikasema.

Hakuondoka. Alisogeza makoti mawili, akakaa kando yangu, akaweka mikono mapajani, akangoja. Nje mtu aliita jina lake na hakuitika.

"Lakini alinipigia," nikasema. "Alinipigia, Furaha, na sikungoja."

"Najua. Nilikuwa nimekaa naye." Alikuwa anatafuta maneno, moja moja, kwa Kiswahili cha mama yake. "Ulikata. Yeye akaendelea kusema na simu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Lakini sombe yako inazeeka mu friza, na miye pia.' Kisha alicheka. Mimi nikataka kukupigia. Akasema hapana, muache, Mwalimu ana kazi."

Nililaza karatasi juu ya goti nikaupapasa ule mstari, naye hakuniharakisha. Baadaye nilianza kumwambia yote, kuanzia kliniki ya Crystal, habari ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na yeye alisikiliza mpaka mwisho. Tulikaa pale juu ya makoti mpaka wenyewe walipokuja kuyachukua.